Chura wa Kihansi na panya shamba: kwanini mmoja katoweka porini na mwingine hata sumu haimmalizi?

Mwana_Kilombero (mwenye uzi)

Wakuu habari za muda huu. Kila ikitajwa Kihansi humu lazima atokee mtu aseme "hela zote zile kwa ajili ya chura", na kila mvua za kupandia zikianza lazima aje mwingine kulia kwamba panya wamefukua mahindi yote shamba limebaki mashimo. Hizo nyuzi mbili hazijawahi kukutana, leo nataka nizikutanishe, maana chura wa Kihansi na panya shamba wote ni wa kwetu, wote wa Morogoro (Kihansi ni kule mpakani na Iringa, miteremko ya Udzungwa), wote wamechunguzwa na wataalamu wetu miaka na miaka, lakini mmoja porini kaisha na mwingine ukimuua leo msimu ujao shamba limejaa tena.

Naanza na chura. Ni mdogo kuliko watu wanavyodhani, dume halifiki hata sentimita 2, jike likikua sana linakaribia 3, rangi yake njano ya dhahabu. Na hatagi. Vyura wengi tunaowajua wanataga kwenye dimbwi, vinatoka viluwiluwi, vinaota miguu, basi. Huyu anabeba mimba tumboni na anazaa watoto waliokamilika kila kitu, mtoto mmoja ana kama milimita 5 hivi, yaani akikaa kwenye ukucha wako wa kidole kidogo anaenea na nafasi inabaki. Alikuwa anaishi sehemu moja tu dunia nzima, pale maji ya mto Kihansi yanapoporomoka korongoni yakapiga mwamba na manyunyu yake yakalowesha majani usiku na mchana bila kukatika. Eneo lote kama hekta 2. Kwa lugha ya shamba ni heka 5. Ni mmoja wa wanyama wenye uti wa mgongo wenye makazi madogo zaidi wanaojulikana.

Aligundulika 1996, na aligundulika kwa sababu wataalamu walikuwa wanakagua mazingira ya mradi wa umeme ambao ujenzi ulishaanza. Jina la kisayansi kapewa 1999. Mwaka unaofuata mitambo inafanya kazi na karibu asilimia 90 ya maji yameingizwa kwenye handaki, hayapiti tena kwenye maporomoko. Kwa hiyo tumemjua na kumkatia maji ndani ya miaka minne tu.

Sasa panya shamba. Huyu hahitaji utambulisho kwa aliyewahi kulima, kijivu kahawia, gramu 20 mpaka 80 hivi, yupo karibu Afrika yote kusini mwa Sahara. Jike ana chuchu mpaka 24, mimba inachukua wiki tatu na kidogo, mzao mmoja wastani watoto 11 na wengine wanavuka hapo. Anakula mbegu, nyasi, wadudu, mahindi yako, mpunga wako. Wengi wao hata mwaka hawamalizi, wanakufa, lakini wakishazaa mara mbili tatu kufa kwao hakukusaidii chochote wewe mwenye shamba.

Hesabu ambayo sijaona mtu akiifanya ni hii. Panya shamba wakilipuka, wataalamu wa Morogoro wameshawahesabu wakavuka 1,000 kwenye hekta moja, na hapo ni janga, serikali inaleta sumu. Chura wa Kihansi kabla hajaisha walikuwa kama 17,000 ndani ya zile hekta 2, na Juni 2003 walihesabiwa karibu 21,000. Gawanya mwenyewe. Ni zaidi ya 8,000 kwa hekta. Mnyama tunayemwita adimu alikuwa amebanana kwenye eneo lake mara nane kuliko panya siku ya balaa. Kwa hiyo yale maneno kwamba "kiumbe dhaifu kangeisha tu hata bila sisi" mimi siyakubali hata kidogo. Alikuwa amestawi kupita kiasi mahali pake. Tatizo alikuwa na mahali pamoja tu duniani, na bomba la kupaendesha pale tulikuwa tumelishika sisi.

Karibuni, ila naomba tujadili kwa hoja.

---

Heka_Tatu

Mkuu umenigusa penyewe. Mimi nalima Kilosa huku, msimu uliopita nimepanda Jumamosi mpaka Jumanne mistari mitatu yote ya pembeni ya pori hamna mbegu hata moja, wamefuata shimo kwa shimo kama wamepewa ramani, nikarudishia, wakarudi. Nikaenda duka moja la pembejeo nikauziwa sumu, nikatega, asubuhi nikakuta kuku wa jirani wawili wamekufa na panya mmoja. Mmoja! Jirani hajanisemesha vizuri mpaka leo. Sasa nyie mnaongelea vyura mimi naomba mnisaidie hawa wadudu wa miguu minne wanaishaje.

---

Fundi_Gridi

Mwenye uzi umeandika vizuri ila kuna kitu umekiruka. Kihansi ni megawati 180, mashine tatu za 60 kila moja. Ile miaka mitambo inawashwa nchi ilikuwa na mgao wa kufa mtu, bwawa la Mtera likikauka giza nchi nzima, hospitali zinaendeshwa na jenereta. Ungekuwa wewe ndo mwenye maamuzi mwaka 1999 ungesema tusiwashe kisa kuna vyura korongoni? Naomba jibu la moja kwa moja, siyo la kuzunguka.

---

Mwana_Kilombero

@Fundi_Gridi jibu la moja kwa moja: ningewasha. Lakini ningeacha maji zaidi yapite toka siku ya kwanza, na vinyunyizio ningeviweka kabla ya kufunga maji siyo baada. Hakuna aliyesema mitambo ing'olewe. Unajua kilichofanyika? Maji yamekatwa kwanza, vyura wakaanza kupungua, ndo ikaja haraka ya kutandaza mabomba yenye vinyunyizio korongoni ili kuiga manyunyu ya maporomoko, hiyo ni 2000 kuelekea 2001. Na mwishoni mwa 2000 wakakamatwa vyura 499 wakapandishwa ndege kwenda bustani ya wanyama ya Bronx Zoo, New York, kama akiba.

Na ona kitu kimoja ambacho wewe kama mtu wa umeme utakielewa haraka kuliko mimi. Maji ya Kihansi yakipita kwenye mashine au yakipita kwenye maporomoko yote yanashukia Kilombero, Kilombero inaingia Rufiji, na Rufiji leo kuna bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Yale maji kidogo tunayomwachia chura hayamwagiki baharini bure, yanakwenda kuzungusha mashine nyingine huko chini. Mwaka 1999 hiyo hoja haikuwepo, leo ipo. Sasa hivi megawati chache za Kihansi kwenye gridi hii siyo kile kitu kilichokuwa enzi za mgao.

---

Fundi_Gridi

Hiyo ya Rufiji nakubaliana nayo kiufundi, maji ni yaleyale, ingawa Kihansi ina faida yake kwa sababu maporomoko yake ni marefu sana, mita chache za ujazo wa maji zinatoa umeme mwingi, Nyerere inataka maji mengi kwa umeme uleule. Siyo lita kwa lita. Ila kwa kiwango kinachoachwa pale, sawa, haiui nchi.

---

Binti_Mlimba

Mimi nimezaliwa Mlimba, baba yangu mdogo alifanya kibarua kwenye lile handaki, alikuwa anatusimulia kwamba kabla hawajafunga maji ukikaribia maporomoko shati linalowa kabla hujayaona, na ile ngurumo mnaongea kwa kupigiana kelele. Baada ya kufunga mnaongea kawaida. Sisi watoto wa kule tulikuja kusikia habari za vyura redioni, walishapelekwa Marekani, sisi wenyewe hata mmoja hatujawahi kumuona. Hilo huwa linaniuma kusema ukweli. Kila mtu duniani anaandika kuhusu Kihansi, mtoto wa shule ya msingi pale chini anajua twiga na tembo wa kwenye kitabu, chura wake hamjui.

Na siyo chura tu, kuna mti wa kahawa ya porini uligundulika hukohuko korongoni ukapewa jina la Kihansi kabisa. Nyie mnaojadili heka 5 mjue kwenye hizo heka 5 na pembeni yake kulikuwa na vitu vingi.

---

mbishi_wa_kudumu

Sawa wakuu, mimi ndo yule wa "hela zote zile". Panya hapewi senti na anaishi. Chura kapewa Benki ya Dunia, kapewa mabomba, kapewa ndege, kapewa madaktari, na bado akafa. Si ndo maana ya kushindwa hiyo? Kiumbe kinachohitaji dunia nzima ikishikilie kisife mbona tusikiache tu, hela ijenge zahanati.

---

Mwana_Kilombero

@mbishi_wa_kudumu karibu, na nafurahi umekuja maana wewe ndo ulinifanya niandike.

Panya hapewi senti? Hebu tuangalie vizuri. Wataalamu wanakadiria panya wanakula kama asilimia 15 ya mahindi ya nchi hii kwa mwaka wa kawaida, na mwaka wa mlipuko kuna mashamba yanaliwa karibu yote. Hiyo ni ruzuku mkuu. Kubwa kuliko ya chura mara nyingi sana, inatoka kwenye ghala la mkulima kama @Heka_Tatu na hakuna anayeisoma bungeni. Juu yake weka sumu ya kila msimu. Panya shamba hajaishi kwa nguvu zake peke yake, anaishi kwa kazi yetu. Tunafyeka pori, tunapanda nafaka, tunaacha mabua na magugu pembeni, tunavuna tunamwaga. Ukimtafuta msitu mnene usioguswa hutamkuta kwa wingi huo, mtafute kwenye shamba, kwenye shamba lililoachwa, kwenye nyasi za kandokando. Sisi ndo tumemtengenezea Afrika nzima iwe nyumbani kwake. Na ni sisi hawahawa tuliomkatia maji yule mwingine. Mkono ni mmoja.

Na hakufa kwa sababu msaada umeshindwa. Vile vinyunyizio vilifanya kazi, ndo maana nikasema Juni 2003 walifika karibu 21,000, yaani walirudi kwa kishindo wakapita hata mwanzo. Kilichowamaliza kikaja baada ya hapo, ndani ya miezi tu. Januari 2004 watafiti walienda wakaona vyura watatu kwa macho na wakasikia madume wawili wakilia. Toka 21,000.

---

Kitabu_na_Jembe

Hapo kwenye kilichowamaliza naomba niongezee maana nimesoma mambo ya wanyamapori. Mtuhumiwa mkuu ni fangasi wa ngozi anayeua vyura dunia nzima, yule yule aliyefuta vyura Amerika ya Kati na Australia. Chura anapumua na kunywa kupitia ngozi, fangasi akishaikaza ile ngozi chumvi za mwilini zinavurugika moyo unasimama. Alikutwa kwenye mizoga ya Kihansi 2003. Kuna na suala la bwawa kufunguliwa mwaka uleule kusafisha tope, tope likashuka na masalia ya dawa za mashamba ya juu, wapo wanaoona hilo nalo lilichangia kuwadhoofisha.

Hapa ndo linganisho la mwenye uzi linakaa vizuri sana. Panya naye ana magonjwa kibao. Panya shamba huyuhuyu ndo anabeba homa ya Lassa Afrika Magharibi, huku kwetu anatajwa kwenye tauni ya Lushoto, kuna hata kirusi kimegundulika kwenye panya hawa wa Morogoro kikaitwa kirusi cha Morogoro, bahati nzuri hicho hakijaonekana kuwaletea binadamu ugonjwa. Lakini ugonjwa ukipita kwenye panya wa Kilosa, panya wa Mvomero wapo, wa Dodoma wapo, wanajaza pengo. Chura hana Mvomero. Ugonjwa mmoja ukiingia korongo moja habari imeisha. Ukubwa wa eneo ni bima, na yule hakuwa nayo.

---

mbishi_wa_kudumu

Nimekusoma. Hiyo ya asilimia 15 inauma. Lakini bado nauliza, chura ana faida gani? Nyuki anatoa asali, popo anachavusha, chura wa sentimita mbili?

---

Mwana_Kilombero

Sitakudanganya mkuu. Sitakuambia ana dawa ya kansa ngozini, wengi wakibanwa na swali hilo wanakimbilia huko na hakuna aliyelithibitisha kwa huyu chura. Alikuwa anakula vijidudu vidogo vya pale kwenye manyunyu, na wengine wakimla yeye, basi, hiyo ndo kazi yake. Mimi sababu yangu ni nyingine. Jamii yote ya hawa vyura wanaozaa, wale ndugu zake wa karibu kabisa, ipo Tanzania tu, Udzungwa, Uluguru, milima yetu ya mashariki, hakuna nchi nyingine iliyopewa. Kitu ambacho Mungu kakiweka kwako peke yako ukikipoteza hakuna pa kwenda kuazima. Panya shamba akiisha Tanzania, ambacho hakitatokea, Zambia watakupa bure. Kwangu hiyo inatosha. Kama kwako haitoshi naheshimu, ila usiseme hakuna sababu.

---

Dada_wa_Ohio

Habari zenu ndugu zangu. Nipo Marekani jimbo la Ohio mwaka wa kumi na kitu huu, nasomaga tu humu siandiki ila hii imenitoa mafichoni. Toledo Zoo ipo hapa kwetu, na hawa vyura wapo. Walifungua sehemu ya kuwaonyesha tangu 2005 na kwa muda fulani ndo ilikuwa mahali pekee duniani mtu wa kawaida anaweza kuwaona. Niliwapeleka wanangu. Kioo, majani, manyunyu yanapulizwa kwa mashine, na kibao kimeandikwa Tanzania. Ukiangalia haraka huoni kitu, ukitulia unaanza kuona vidoti vya njano vinatembea kila jani, niliwaambia wanangu hawa ni wa kwa bibi, yule mdogo akauliza mbona wako huku. Nikakosa cha kumjibu kwa kifupi.

Ninachotaka watu wajue ni kwamba hata huku haikuwa rahisi. Waligawiwa zuu kadhaa, zikashindwa moja baada ya nyingine, mwishoni mwa 2004 walibaki chini ya 70 duniani kote, Bronx na Toledo peke yake. Baadaye ndo wakagundua wanataka nini hasa, mwanga wa namna gani, chakula gani, unyevu kiasi gani, wakaanza kuzaana mpaka wakafika maelfu.

---

Binti_Mlimba

Dada asante sana kwa hiyo. Mtoto kauliza swali la maana kuliko watu wazima wengi.

---

Kitabu_na_Jembe

Na waseme wanaosema tumeshindwa: 2009 wakatangazwa rasmi kutoweka porini, lakini Agosti 2010 vyura 100 walirudi nyumbani, wakawekwa kwenye kituo maalumu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurudishwa korongoni, mwaka huo peke yake maelfu. Duniani hapajawahi kutokea kabla ya hapo chura aliyetangazwa kutoweka porini akarudishwa alikotoka. Hiyo kazi ina vijana wa Kitanzania ndani yake wanaolisha vyura wa milimita tano kila siku ya Mungu, sikukuu zote.

Bado hajafutwa kwenye orodha ya waliotoweka porini, maana kurudisha ni jambo moja na kujitegemea ni jambo jingine. Fangasi yupo. Vinyunyizio vikizimika ni tatizo.

---

Kijana_wa_Mazimbu

Wakuu samahani, hawa panya shamba si ndo wale wa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine hapa Morogoro, wanaonusa mabomu? Kwanini tusiwafundishe wote tu wakaacha mahindi

---

Kitabu_na_Jembe

@Kijana_wa_Mazimbu hapana mdogo wangu, wale ni panya buku, mkubwa, anakaribia kilo na zaidi, mkia mrefu. Ndo hao akina Magawa aliyepewa medali ya dhahabu Uingereza 2020 kwa kunusa mabomu zaidi ya 100 Cambodia, akafa 2022. Panya shamba ni huyu mdogo. Ila umetaja SUA na ni vizuri, maana hukohuko ndo kuna watu wamekuwa wakikamata panya shamba, kuwawekea alama na kuwaachia, kila mwezi, kwa miongo sasa. Matokeo yao yalifika mpaka kwenye jarida la Nature mwaka 1997. Ukitaka kujua panya shamba wa Afrika anaishije, dunia nzima inasoma data ya Morogoro.

---

Heka_Tatu

Sawa sasa hao watu wa SUA wamegundua nini cha kunisaidia mimi, maana najua msimu unakuja.

---

Mwana_Kilombero

@Heka_Tatu nilikuwa nakufikia, samahani nimechelewa. Kuna mambo kadhaa na nitakueleza ninavyoyaelewa.

Kwanza angalia vuli. Panya shamba anazaa kwa kufuata mvua, masika ikinyesha nyasi changa zikichipua ndo anaanza, kwa hiyo mwaka wa kawaida watoto wanazaliwa baada ya masika wanakaa wadogo mpaka msimu unaofuata. Lakini vuli ikinyesha kwa wingi wale watoto wanakomaa mapema na kuzaa kabla ya wakati, kizazi kinaongezeka katikati hapo, na mwaka unaofuata ndo unasikia kilio. Kwa hiyo vuli kubwa mwaka huu ni taarifa ya mwakani. Usisubiri uone mashimo.

Pili, ile wiki ya kwanza mpaka ya pili baada ya kupanda ndo kila kitu. Mbegu ikishaota na mche ukishika, panya hana hamu nayo tena sana. Ulinzi wako wote uweke pale, siyo miezi yote.

Tatu, sumu peke yake haikusaidii. Ile ya haraka, zinki fosfaidi, inaua kweli lakini panya akionja kidogo akaumwa asipokufa haigusi tena, na kama ulivyoona inaua kuku na mbwa. Na hata ukiwamaliza shambani kwako, wa kwenye pori la jirani wanahamia ndani ya wiki chache kwa sababu umewaachia nafasi na chakula. Panya ni eneo, siyo shamba. Fyeka zile nyasi za pembeni kabla ya kupanda, choma au fukia mabua, halafu muongee kitongoji kizima mpande ndani ya siku zilezile na mtege siku zilezile. Ukipanda peke yako mapema, panya wa wote ni wako.

---

mbishi_wa_kudumu

Bundi je? Nimesikia ukiweka viota vya bundi wanawala wote.

---

Kitabu_na_Jembe

Bundi anakula panya wengi kweli na usiwaue jamani, watu wanawapiga mawe kwa imani za kichawi. Ila majaribio ya Morogoro, walipowazuia ndege wanaowinda sehemu moja na kuwavutia sehemu nyingine, tofauti ya idadi ya panya haikuwa kubwa. Anayezaa 11 kwa mkupuo hamalizwi na mdomo wa bundi. Msaidizi mzuri, lakini usimtegemee yeye tu.

---

Heka_Tatu

Haya ya kupanda pamoja nimeyaelewa, shida ni watu, kila mtu anasubiri mwenzie aanze. Kikao cha kitongoji kipo Jumapili, nitalipeleka pale kabla mvua hazijashika, na yule jirani wa kuku nitamfuata mwenyewe maana shamba lake ndo linapakana na lile pori. Mitego ya ndoo tunaweza kutengeneza wenyewe, unafukia ndoo usawa wa ardhi unaweka maji nusu na kijiti chenye pumba juu yake, nimewahi kuona mzee mmoja akifanya na inanasa.

---

Mwana_Kilombero

Hiyo ya ndoo ni nzuri na haiui kuku. Hakikisha tu watoto hawachezei maiti za panya kwa mikono mitupu, zifukieni, kuna ugonjwa wa mkojo wa panya, mtu anapata homa anadhani malaria.

@Binti_Mlimba hoja yako ya watoto wa shule nimeibeba. Aliyepo karibu na mtu wa NEMC (baraza la taifa la mazingira) wanaosimamia bonde la Kihansi amuulize kama kuna utaratibu wa kuleta wanafunzi wa Mlimba kwenye kile kituo cha vyura, korongoni kwenyewe sawa haifai kuingia kundi la watu kwa ajili ya fangasi, anayeingia lazima buti zisafishwe kwanza, lakini kituoni kwenye vioo inawezekana. Kama Toledo watoto wanaingia, Mlimba nako waingie. Mwenye jibu aliweke hapahapa kwenye uzi.

---

Binti_Mlimba

Namjua mwalimu mmoja pale, nampigia leo jioni nimpe hilo wazo aandike barua ya shule. Akijibiwa naleta majibu.